Mgeni, Mwenyeji na Adui: Mzizi wa Neno Mbele ya Mhakiki

Nikiwa mwaka wa pili niliandika insha juu ya Macbeth, nikajiona nimechimbua dhahabu. Katika kamusi ya mizizi ya Kihindi-Kiulaya ya Calvert Watkins (1985) nilikuta maneno matatu ya Kiingereza, guest, host na hostile, yamewekwa chini ya mzizi mmoja, *ghos-ti-. Mgeni, mwenyeji, mwenye uadui: tumbo moja! Nikatangaza kwamba mauaji ya Duncan yamo ndani ya lugha yenyewe. Insha ilirudi na swali moja la kalamu nyekundu: "Nani alijua?"

Nilinuna wiki nzima. Lakini swali ni halali. Macbeth iliandikwa yapata 1606; William Jones alizungumzia undugu wa Kisanskriti, Kigiriki na Kilatini huko Calcutta mwaka 1786. Tena mzizi huo haujapata kuonekana katika andiko lolote la kale. Wanaisimu wameuunda upya kwa kulinganisha lugha, ndiyo maana huwekewa kinyota. Na macho hudanganya, bwana: neno ghost, pamoja na sura yake yote hiyo, si la ukoo huu.

Hata hivyo sikubali tuitupe kamusi. Kinachomfaa mhakiki ni njia ambayo neno limepita. Guest ni la ukoo wa Kijerumani, na Waskandinavia wameacha alama yao kwenye g ile. Host lilipitia Kifaransa kutoka Kilatini hospes, ambalo lilimtaja mgeni na mwenyeji vilevile. Hostile latokana na hostis, adui; na Cicero, katika De Officiis, anaeleza kwamba zamani hostis alikuwa mgeni tu. Kitabu hicho kilisomwa sana katika shule za Uingereza enzi za Shakespeare. Hapo angalau nina jibu la "nani".

Sasa tuiangalie tamthilia. Akifika Inverness, Duncan anamwita Lady Macbeth mwenyeji na kujiita mgeni wake papo hapo. Baadaye Macbeth, peke yake, anahesabu sababu za kutoua: ni jamaa yake, ni raia wake, ni mwenyeji wake. Hofu hiyo haihitaji kinyota. Sisi ambao "mgeni" wetu ni aliyealikwa na pia ni tusiyemjua, twaipata upesi.

Insha nimeiandika upya. Mzizi umebaki katika aya moja, karibu na mwisho.