Ufundi wa Kutulia

Mafundi wa Kitale hujulikana kwa milio ya zana zao, seremala kwa randa yake na mhunzi kwa nyundo. Bali uko ufundi mmoja usio na mlio wala kibanda sokoni, nao ni ule wa kuituliza nafsi, ambao wengi huudhania kuwa ni uvivu wa wasio na shughuli, na mimi nauhesabu katika kazi nzito kabisa alizopewa mwanadamu, kwa kuwa anachokichonga fundi huyu ni moyo wake mwenyewe.

Mfano wa ufundi huo nauona kwa watu wa imani: mwaka 1902 wamisionari watatu wa Marekani, wa madhehebu ya Marafiki, yaani Quaker, walifika Kaimosi, magharibi mwa Kenya, na kutoka huko imani yao ikaenea hata Lugulu na pembe nyingi za Bungoma na Trans Nzoia. Wazee wao wa Uingereza, katika karne ya 17, waliabudu kwa kuketi kimya, pasipo mhubiri wala kinanda, hata mmoja wao aone kwamba amepewa neno la kusema. Huku kwetu ibada ilivikwa nyimbo na mahubiri, wala siioni kasoro, maana watu wetu huomba kwa kuimba. Lakini mzizi ule wa taamuli haukukauka.

Thamani yake ilidhihiri baada ya msiba wa Mlima Elgon. Kati ya mwaka 2006 na 2008 ugomvi wa mashamba ya Chebyuk ulizaa kundi lenye silaha, watu wakauawa, wengine wakakatwa masikio, maelfu wakayahama makwao. Na operesheni ya jeshi ya Machi 2008, iliyoitwa Okoa Maisha, nayo ikaacha vilio vya mateso na vya kuwalilia waume wasiorudi.

Ndipo Marafiki walipoleta mlimani mafunzo yaliyoanzia Rwanda na Burundi, ya kuponya majeraha ya nafsi: kwa siku 3 watu wapatao 20, nusu wa upande mmoja wa ugomvi huo na nusu wa upande wa pili, hukaa chumba kimoja. Huchora miti miwili, mmoja wa kutoaminiana na mmoja wa kuaminiana, wakataja mizizi na matunda ya kila mmoja. Kisha hutoka nje wawili wawili. Mmoja hufungwa kitambaa machoni, akaongozwa mkono na yule ambaye jana alimwita adui. Mabega hukakamaa, vidole huumana, nyayo huipapasa ardhi kana kwamba kila hatua ina shimo. Na hapo, pumzi baada ya pumzi, mwili hujifunza lile ambalo akili ilikuwa ikilikataa. Baadaye hubadilishana zamu. Elimu hii, kwa rai yangu, haipatikani kwa kujitenga na watu, na anayeutafuta utulivu kwa kufunga mlango amejifunza nusu ya kazi.

Mashamba bado yanagombaniwa. Laiti ningekuwa na kauli katika mabaraza ya Kitale na Bungoma, ningeomba kila kikao cha ardhi kianze kwa dakika chache za kimya, wazee wa pande zote wakiwa wamechanganyika katika viti, kabla mtu hajataja mpaka wala hatimiliki.