Kitenzi cha Maji: Uhakiki wa Picha Zipigwazo kwa Muda Mrefu

Ni picha chache za zama hizi zilizogawanya watazamaji kama zile za maji yaliyogeuka hariri. Maporomoko hushuka kama kitambaa cheupe. Bahari hulala kama ukungu baina ya mawe. Mmoja huziita uzuri mtupu, na mwingine huziita uongo, kwa kuwa hapana jicho la binadamu lililopata kuona maji ya namna hiyo. Hukumu zote mbili ni za haraka. Kabla ya kuuliza kama picha hizo zasema kweli, yafaa kuuliza zasema nini. Na katika swali hilo sarufi ya Kiswahili ina msaada mkubwa kuliko utazamiwavyo.

Njia yenyewe si ngumu kueleza. Mbele ya lenzi ya kamera huwekwa kichujio cha kijivu, yaani kioo cha rangi ya moshi kipunguzacho mwanga bila kupendelea rangi moja kuliko nyingine. Vichujio hivyo hupimwa kwa daraja: kioo cha daraja moja hupitisha nusu ya mwanga, cha daraja tatu hupitisha sehemu moja katika 8, cha daraja sita sehemu moja katika 64, na cha daraja kumi takriban sehemu moja katika 1,000. Basi picha ambayo ingepigwa kwa sehemu moja katika 125 ya sekunde, chini ya kioo cha daraja kumi yataka sekunde 8 hivi. Kamera husimamishwa juu ya miguu mitatu isitikisike. Katika muda huo jiwe hukaa mahali pake na kuandikwa wazi. Lakini maji hupita, na kila tone huacha alama yake juu ya alama ya lililotangulia, hata umbo la tone lolote lisitambulike tena.

Hariri hiyo haikuanza kwa hiari. Mwaka 1872 Eadweard Muybridge, mzaliwa wa Uingereza, alipiga picha maporomoko ya Vernal katika bonde la Yosemite, Marekani, kwa vioo vikubwa vilivyopakwa dawa. Dawa ile haikuwa nyepesi kiasi cha kuyadaka maji yaangukayo, nayo yakatoka meupe yasiyo na matone. Miaka sita baadaye, mwaka 1878, mtu huyo huyo alizigandisha hatua za farasi akimbiaye huko Palo Alto, akaonyesha jambo ambalo macho ya watu hayakuweza kulithibitisha: kwamba miguu yote minne huondoka ardhini kwa pamoja. Hata kabla yake, mwaka 1857, Gustave Le Gray alikuwa amelidaka wimbi kubwa la Sète, kusini mwa Ufaransa, lakini kwa kuunganisha picha mbili katika uchapaji, moja ya bahari na moja ya mbingu. Hapa pana funzo. Wimbi la Le Gray, lionekanalo kuwa la kweli kabisa, lilitengenezwa kwa vioo viwili. Hariri ya Muybridge, iitwayo ya uongo, haikuongezwa kitu. Basi ukweli wa picha haupimwi kwa kufanana kwake na yale yaliyozoewa na jicho.

Sasa sarufi na iitwe itoe ushahidi. Asemaye "maji yanafuata mkondo" aeleza maji fulani, yaliyo mbele yake, wakati huu. Asemaye "maji hufuata mkondo" hatoi habari ya maji ya leo. Ataja desturi ya maji yote, na ndiyo sababu methali yapenda umbo hilo. Picha ya upesi ni kitenzi chenye "-na-": wimbi hili linavunjika sasa, na halitavunjika hivi tena. Picha ya muda mrefu ni kitenzi chenye "hu-": wimbi huvunjika, mto hupita, povu huzunguka hapa na si pale. Moja yaeleza tukio, nyingine yaeleza mwenendo. Kuilaumu ya pili kwa kutoonyesha tone ni sawa na kuilaumu methali kwa kutotaja tarehe.

Walakini umbo la "hu-" lina upungufu wake, na wanasarufi waujua vizuri. Halichukui kiambishi cha mtenda. "Yanafuata" hubeba "ya-" ndani yake. Hata jina likiachwa, msikiaji hubaki na dalili ya ngeli ya mtenda. "Hufuata" ikisimama peke yake haina mwenyewe: pengine ni maji, pengine ni mbwa, pengine ni deni. Hali ya picha hizi ni hiyo hiyo. Kichujio kikiisha kufuta matone na mawimbi, maji yamenyang'anywa alama za kujulikana kwake, na lazima kitu kingine katika picha kilitaje jina.

Kwa kipimo hicho kazi ya Michael Kenna, aliyezaliwa Widnes, Uingereza, mwaka 1953, yasimama imara. Katika picha zake za Japani, nyeusi na nyeupe, mara nyingi kuna mti, safu ya nguzo au gati iliyoachwa majini. Hicho ndicho jina la sentensi. Maji yaliyolainika ni kitenzi chake. Hiroshi Sugimoto, mzaliwa wa Tokyo wa mwaka 1948, aonekana kuivunja kanuni hiyo, maana katika picha zake za bahari, zilizoanza mwaka 1980, hamna ila maji nusu na mbingu nusu. Lakini jina halikukosekana: limeandikwa katika anwani, Bahari ya Karibi, Jamaika. Tena katika nyingi ya picha hizo viwimbi vidogo havikufutwa.

Kosa la waigaji wengi liko hapo. Huweka kioo cha daraja kumi kwa sababu wanacho, wakaleta ukungu ambao waweza kuwa wa ziwa, wa mto au wa bahari yoyote. Kosa la pili ni kubwa zaidi. "Hu-" hudai desturi, na sekunde 8 za alasiri moja si desturi ya bahari. Maji hujaa na kupwa kwa muda wa saa 12 na dakika 25 hivi, na mtu wa pwani hatachanganya bamvua na maji mafu. Picha igeuzayo bamvua ikafanana na maji mafu imetoa methali kabla ya kuishi mambo.

Siku hizi simu za mkononi hutengeneza hariri ile ile bila kioo, kwa kurundika picha nyingi za upesi katika moja. Urahisi huo haubadili swali. Huliongezea uzito tu. Muybridge hakuwa na chaguo, na maji yake yalikuwa meupe kwa lazima. Mwenye kichujio au simu anachagua, na achaguaye kitenzi awajibika kwa mtenda wake. Mtazamaji aliyesimama mbele ya picha kama hiyo ana haki ya kuuliza swali moja la sarufi: ni nani afanyaye haya? Picha ikijibu, hariri yake ni kauli. Isipojibu, ni pambo.