Mtupo Ni wa Nani? Takwimu, Uchaguzi wa Mitupo na Ushirikiano katika Mpira wa Kikapu

Jedwali la mchezo ambalo magazeti yalichapisha kwa miongo mingi lilimhesabia mchezaji wa kikapu mambo machache, hasa pointi, ribaundi, asisti na asilimia ya mitupo iliyoingia, na kasoro yake kubwa ilikuwa kuichukulia mitupo yote kuwa na thamani moja. Tangu ligi ya NBA ya Marekani ilipoweka mstari wa pointi tatu katika msimu wa 1979-80, mchezaji anayetia mitupo 4 kati ya 10 kutoka nje ya mstari huo huipatia timu yake pointi 12, ilhali anayetia 5 kati ya 10 kutoka ndani huipatia 10 tu, na bado jedwali humtaja huyo wa pili kuwa ndiye mlengaji bora.

Kasoro hiyo hurekebishwa na kipimo kinachoweza kuitwa asilimia fanisi ya mitupo, ambacho hukihesabu kila kikapu cha pointi tatu kuwa kikapu kimoja na nusu. Kipimo kingine, asilimia halisi ya ufungaji, huingiza pia mitupo huru, yaani ile inayotolewa baada ya madhambi: pointi zote za mchezaji hugawanywa kwa mara mbili ya jumla ya mitupo yake ya kawaida na mitupo huru iliyozidishwa kwa 0.44. Namba hiyo si nusu kamili kwa sababu baadhi ya mitupo huru, kama ule mmoja anaopewa mchezaji aliyechezewa vibaya huku mpira wake ukiingia, haitumii zamu mpya ya kushambulia.

Kwa kipimo hicho, wafungaji wawili mashuhuri huonekana mbali sana. Kobe Bryant alifunga pointi 2,832 katika msimu wa 2005-06 kwa mitupo 2,173 na mitupo huru 819, na asilimia yake halisi ikawa 55.9; miaka kumi baadaye, Stephen Curry alifunga pointi 2,375 kwa mitupo 1,598 na mitupo huru 400, akatia vikapu 402 vya pointi tatu na kufikia asilimia 66.9. Anayeishia hapo atasema kwamba Bryant hakujua kuchagua, lakini kauli hiyo ina haraka. Mfungaji aliyemfuata Bryant katika Los Angeles Lakers, Lamar Odom, alikuwa na wastani wa pointi 14.8 kwa mchezo, ilhali Klay Thompson aliyecheza kando ya Curry alikuwa na 22.1, na mlinzi anayemwogopa Thompson hawezi kumwacha ili akamzonge Curry. Tena saa ya kushambulia hutoa sekunde 24 tu, na zinapokaribia kwisha lazima mtu atupe. Katika timu yenye mfungaji mmoja, mtu huyo anajulikana kabla mpira haujamfikia. Ndiyo sababu asilimia yoyote ya ufanisi husomwa pamoja na kiwango cha matumizi, yaani sehemu ya zamu za timu anazozimaliza mchezaji akiwa uwanjani, ama kwa kutupa, ama kwa kwenda kwenye mitupo huru, ama kwa kupoteza mpira.

Kutenganisha uchaguzi na ustadi kuliwezekana zaidi kuanzia msimu wa 2013-14, viwanja vyote vya NBA vilipofungwa kamera sita zilizonasa mahali pa kila mchezaji na mpira mara 25 kwa sekunde. Kwa data hiyo, wachambuzi hukadiria thamani ya mtupo kabla haujatupwa, kwa kutazama umbali wa kikapu, umbali wa mlinzi wa karibu, na kama mtupaji alikuwa ametulia au akikimbia. Kadirio hilo hupima ubora wa nafasi, na tofauti kati yake na matokeo halisi hupima mkono wa mtupaji. Mtu mmoja anaweza kuwa na mkono mzuri na nafasi mbovu, na kocha anayejua hilo atashughulikia pasi badala ya kumrudisha mchezaji kwenye mazoezi ya kulenga.

Fainali za mwaka 2014 zinaonyesha jambo hilo vizuri kuliko nadharia. San Antonio Spurs waliishinda Miami Heat michezo minne kwa mmoja, kwa tofauti ya wastani wa pointi 14 kwa mchezo, wakitia asilimia 52.8 ya mitupo yao, na katika nusu ya kwanza ya mchezo wa tatu walitia 25 kati ya 33. Katika msimu mzima uliotangulia hapakuwa na mchezaji wao aliyefikisha wastani wa dakika 30. Kuanzia mchezo huo wa tatu kocha Gregg Popovich alimwanzisha Mfaransa Boris Diaw, ambaye katika fainali hizo alifunga wastani wa pointi 6.2 tu lakini akatoa asisti 5.8. Shambulio lao la kawaida lilianza kwa Tony Parker kumpita mlinzi wake kwa msaada wa kizuizi cha mwenzake, mlinzi wa pili akamfuata, Diaw akapokea mpira katikati, na mlinzi wa tatu alipomsogelea, mpira ukaenda kwenye pembe, ambako mstari uko mita 6.70 kutoka kikapuni badala ya 7.24 za mbele. Asisti iliandikwa kwa Diaw peke yake, ingawa aliyeuvunja ulinzi alikuwa Parker, na aliyeweka kizuizi hakuandikiwa chochote.

Upungufu huo ndio uliozaa kipimo cha tofauti ya pointi wakati mchezaji yuko uwanjani, pamoja na toleo lake lililorekebishwa. Katika toleo hilo, kila kipindi kisicho na mabadiliko ya wachezaji huwa mlinganyo mmoja wenye majina kumi, na milinganyo yote hukokotolewa pamoja ili kupata mchango wa kila mmoja. Wale ambao data yao ni haba huvutwa karibu na wastani, kwani wawili wanaoingia na kutoka pamoja kila mara hawatenganishiki kwa hesabu. Shane Battier wa Houston Rockets, ambaye jedwali la kawaida halikumwona, alifahamika kwa vipimo vya aina hiyo mwaka 2009 kupitia makala ya mwandishi Michael Lewis. Mnamo Februari 2011 Houston walimpeleka Memphis, na miongoni mwa waliopokelewa kwa kubadilishana alikuwa mchezaji mrefu Hasheem Thabeet wa Dar es Salaam, ishara kwamba hata ofisi iliyoviamini vipimo hivyo haikuacha kuthamini urefu.

Houston hao hao, chini ya meneja Daryl Morey, walifika msimu wa 2017-18 zaidi ya nusu ya mitupo yao ikiwa ya pointi tatu, wakitia asilimia 36.2 na kushinda michezo 65. Katika mchezo wa saba wa fainali ya Kanda ya Magharibi walitupa mitupo 44 ya aina hiyo, wakatia 7, wakikosa 27 mfululizo, na kufungwa na Golden State Warriors pointi 101 kwa 92. Kwa asilimia yao ya msimu wangetarajiwa kutia karibu 16, kwa hiyo wengi waliiita bahati mbaya, na kwa sehemu kubwa ilikuwa hivyo. Hata hivyo Chris Paul, mmoja wa wawili waliowatengenezea wenzao nafasi, alikuwa nje kwa jeraha la msuli wa paja. Mahali ilipotupwa mitupo hiyo palibaki palepale, ila mikono iliyoipeleka mipira huko ilikuwa imepungua, na ramani ya mitupo haina alama ya kuonyesha hilo.