Daftari la Wenye Nguvu: Uhakiki wa Haki ya Usajili wa Lazima katika Civil War kwa Kurejelea Mbulu na Hanang

Civil War, hadithi ya katuni iliyoandikwa na Mark Millar na kuchorwa na Steve McNiven (Marvel, 2006–2007), huanza na maafa. Mashujaa vijana wanawavamia wahalifu mjini Stamford huku wakirekodiwa kwa ajili ya kipindi cha televisheni. Mlipuko unaua mamia ya watu, wakiwemo watoto wa shule. Sheria inapitishwa ya kuwalazimu wote wenye nguvu zisizo za kawaida kujisajili serikalini. Iron Man anaiunga mkono. Captain America anaikataa. Ni rahisi kuusoma mgogoro huu kama mvutano kati ya usalama na uhuru. Sehemu hii inadai kwamba usomaji huo hautoshi. Haki ya usajili hupimwa kwa maswali mawili: kinasajiliwa nini, na daftari hutumikaje siku ya hofu?

Nchini Tanzania maswali haya yana historia ya kisheria. Sheria ya Uchawi, iliyotungwa mwaka 1928, humruhusu Mkuu wa Wilaya kumwamuru mtu anayetuhumiwa kwa uchawi akaishi mahali maalumu. Mlengwa ni mtu na sifa anayodhaniwa kuwa nayo. Kwa upande mwingine, Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala Na. 23 ya 2002 husajili kazi: anayetoa huduma huomba kutambuliwa na Baraza. Civil War inachanganya mambo haya mawili. Inaanza na uzembe kazini, kisha inamdai kila mwenye nguvu, hata asiyemdhuru mtu.

Mfano wa Mbulu unaonesha ugumu wa mpaka huo. Miongoni mwa Wairaqw, qwaslarmo ni mtaalamu wa mvua na kinga ya nchi, na utaalamu huo unahusishwa hasa na ukoo wa Manda. Kwa Wabarabaig wa Hanang pia, utaalamu wa mvua na utabiri huhusishwa na koo maalumu. Qwaslarmo hana kinyago. Wazee humwendea, hupokea maelekezo na dawa, kisha hurudi kuyatekeleza kwao. Siri ni dawa, si mwenye dawa. Uwajibikaji wake umo katika uamuzi wa wazee kuendelea kumwendea au kuacha. Hata hivyo, kuleta mvua si tiba kwa maana ya kawaida. Hivyo basi, mtaalamu huyu hakai vizuri katika daftari la 2002, ilhali hofu ya majirani yaweza kumsogeza kwenye sheria ya 1928.

Swali la pili lilijibiwa kwa matukio. Januari 2009, kufuatia mauaji ya watu wenye ualbino, Waziri Mkuu Mizengo Pinda alitangaza kufutwa kwa leseni za waganga wote wa jadi. Adhabu hiyo iliwaangukia waliotii sheria, kwa kuwa asiye na leseni hakuwa na cha kunyang'anywa. Mwaka 2015, kinyume chake, msako wa polisi uliwalenga wapiga ramli na waganga wasio na leseni. Hapo kusajiliwa kulikuwa kinga. Daftari lilelile lilikuwa orodha ya washukiwa mara moja, na ngao mara nyingine.

Kwa kipimo hiki, udhaifu wa msimamo wa Iron Man haumo katika kutaka daftari. Umo katika daftari lisilompa aliyejisajili ulinzi wowote. Spider-Man anavua kinyago mbele ya waandishi wa habari na kuiweka familia yake hatarini. Anayekataa anafungwa gerezani. Lakini Captain America naye hana jibu kwa wazazi wa Stamford, wala ukataaji wake usingekuwa jibu kwa familia za watu wenye ualbino waliouawa. Anatetea uhuru wa wenye nguvu bila kueleza asiye na nguvu atamshtaki nani.

Kwa hiyo, usajili wa lazima ni wa haki pale unapoandika tendo badala ya nasaba, na pale kosa la mmoja lisipofuta jina la wote. Civil War inakaribia hoja hii, kisha inaiacha kwa kuufanya mgogoro wa sheria uamuliwe kwa ngumi. Captain America anajisalimisha baada ya kuona hasara ya mapigano. Sheria yenyewe inabaki bila kuhojiwa.