Nguo Inayovuliwa Mtini

Mwezi wa Aprili 1858 mitumbwi miwili iliyotoka Ujiji ilifika Uvira, kwenye ufuko wa Ziwa Tanganyika, ikiwa imewabeba Waingereza wawili, Richard Burton na John Hanning Speke, pamoja na Sidi Mubarak Bombay, mkalimani wao. Burton alikuwa na vidonda vya ulimi, kusema kwenyewe ni taabu. Walikuja kutafuta habari za mto. Walitaka kujua kama Ruzizi hutoka ziwani kwenda kuwa Nile, na wana wa chifu Maruta wakawaambia hapana, unaingia ziwani. Wasafiri wakavunjika moyo hapo, na vitabu vingi vya historia vinapoitaja Uvira ya wakati ule huishia kwenye jibu hilo la wale vijana.

Mimi huvutiwa zaidi na maelezo ya Burton kuhusu mizigo. Anaitaja Uvira kuwa bohari kubwa ya kaskazini mwa ziwa: watumwa, pembe za ndovu, nafaka, nguo za magome ya miti na vyombo vya chuma. Siwezi kuisifu nguo ya gome nikajifanya sikuona kilichotangulia katika orodha hiyo. Bandari iliyouza kazi ya mikono ya fundi iliuza pia watu. Lakini mwanzo huo wa orodha usitufanye tusahau kwamba pwani hii, chini ya milima ambayo leo tunaiona imebaki mitupu, ilikuwa na mafundi wa nguo ambao kazi yao ilitafutwa hadi ng'ambo ya ziwa.

Ufundi huo unaweza kuonekana hadi leo huko Buganda, nchini Uganda, na nitaueleza kama unavyofanywa kule. Mti wenyewe ni wa jamii ya mkuyu. Waganda huuita mutuba. Msimu wa kuvua gome ni masika, wakati utomvu unapanda na gome halijashikamana sana na shina. Fundi hupara kwanza ganda la nje, lile kavu la kijivu. Kisha hukata mviringo juu na mwingine chini, akapasua kwa urefu baina yake, na kulibandua gome taratibu kwa kabari iliyochongwa katika mgomba. Chuma kingechana. Linatoka zima, jekundu na lenye unyevu, na shina linabaki uchi kabisa.

Hapa ndipo penye moyo wa ufundi huu, na ni jambo ambalo mtazamaji wa haraka hulipita kwa sababu anaifuata nguo. Fundi anarudi mtini. Analifunga shina kwa majani mabichi ya migomba, tabaka juu ya tabaka, akayakaza kwa kamba, jua lisilikaushe jeraha. Baada ya siku kadhaa anayaondoa, na mti unaanza kuota gome jipya. Mwaka ujao anaweza kuvuna tena, na mutuba uliotunzwa vizuri hutoa nguo kwa miongo kadhaa. Tena gome la kwanza huwa gumu na la mafundo. Magome yanayofuata ndiyo laini. Mti uliouguzwa hutoa nguo bora kuliko ule ambao haujaguswa.

Gome hupitishwa kwenye moto au mvuke likalainika, kisha hupelekwa bandani, maana likipondwa juani hukauka kabla ya kuiva. Hapo hulazwa juu ya gogo na kupigwa kwa nyundo za mti zilizochongwa mifereji: mipana kwanza, ya wastani baadaye, mwishoni ile myembamba. Wapigaji wawili au watatu huketi pamoja wakipokezana mapigo. Nyuzi zinatawanyika, gome linapanuka mara kadhaa ya upana wake wa mwanzo. Palipotoboka hutiwa kiraka. Mwisho huvutwa, huanikwa na kuwekewa mawe pembeni, na jua huligeuza kuwa na rangi ya chungu kilichochomwa.

Hakuna kufuma, na sindano ni ya viraka tu.

Baadhi ya nguo hudai uhai. Ngozi haipatikani bila kuchinja, na hariri ya kawaida hutaka viwavi wachemshwe ndani ya vifuko vyao. Hata wenzetu wa Tonga na Fiji, mabingwa wa nguo za gome, hukata shina zima la mforosadi na kungoja machipukizi. Anayefanana na mutuba ni mnyama wa mbali: alpaka wa milima ya Peru na Bolivia, ndugu wa ngamia, ambaye hunyolewa mara moja kwa mwaka na kurudishwa malishoni. Sweta na mitandio ya manyoya yake huuzwa ghali duniani kote, na mnunuzi hufurahi akiambiwa kwamba mnyama bado yuko hai. Lakini manyoya hujiotea yenyewe. Gome linahitaji muuguzi, na kwa maoni yangu hilo linampa fundi wa magome nafasi moja juu ya mkata manyoya.

Nguo hii ina adui, na wapenzi wake huwa hawapendi kumtaja: maji. Ikilowa sana hulegea, na haiwezi kusuguliwa kama nguo ya pamba. Hebu mfikirie mvuvi wa ndagala anayelowa kila usiku, au mama anayefua ukingoni mwa ziwa. Kwao pamba ilikuwa na hoja isiyojibika. Wakati Burton anafika, merikani, ile nguo ya pamba isiyopaushwa iliyoletwa Unguja na merikebu za Salem, Massachusetts, ilikuwa tayari ni fedha katika njia ya misafara ya Tabora na Ujiji. Baadaye Wabelgiji wakawalimisha watu wa bonde la Ruzizi pamba kwa lazima, na kusini, Albertville ambayo sasa ni Kalemie, kukawa na kiwanda cha nguo cha Filtisaf. Leo soko la Mulongwe, hapa Uvira, limejaa vikwembe na mitumba, na sioni sababu ya kulia. Kikwembe ni kizuri, hufulika, na kina habari zake za kusimulia.

Ninachosikitikia ni mikono. Buganda ufundi ulisalimika kwa sababu ulikuwa na kazi ambayo pamba haikuweza kuifanya: mfalme wao, Kabaka Ronald Mutebi, alitawazwa mwaka 1993 akiwa amevikwa gome, na maiti bado huzungushiwa lubugo, yaani nguo hiyo ya gome. Mafundi wa ukoo wa Ngonge wanarithishana nyundo, na UNESCO iliutambua ufundi wao mwaka 2005. Katika msitu wa Ituri, ndani ya Kongo yetu hii, wanaume wa Kimbuti huponda gome na wanawake hulichora michoro ambayo leo hutundikwa katika majumba ya makumbusho ya Ulaya. Na mjini London, José Hendo, mbunifu mwenye asili ya Uganda, hushona magauni ya gome yanayopita jukwaani bila mtu kuyaita ya kale.

Uvira nayo ina sababu yake ya kuutaka mti huu, hata kabla ya kufikiria nguo. Aprili 2020 mto Mulongwe na mito mingine ilifurika ikaua makumi ya watu na kubomoa maelfu ya nyumba. Vilima vilivyo juu ya mji havina cha kushika udongo. Mkuyu wa magome ni mti wa mizizi mingi. Ng'ambo ya mpaka, Burundi, jamaa zake walipandwa kuwa ua wa maboma, na sehemu zilizokuwa makazi ya wafalme bado zinatambulikana kwa miti hiyo. Kuupanda hakuhitaji kitalu: hukatwa tawi nene, likachomekwa ardhini mvua zikianza, nalo hushika. Nyundo za mifereji ni kazi ya seremala yeyote mwenye subira. Gome la kwanza lifundishie vijana kupiga, na lisiuzwe. La pili ndilo la kupeleka sokoni.