«Kurusha» ni neno la shamba

Bandugu, muvumilie agronome aongee mambo ya televisheni. Neno broadcast, lile Waingereza wanatumia kwa kurusha matangazo, lilitoka shambani: karne ya 18 lilikuwa la kumwaga mbegu kwa mkono, huku na huku, ile tulifundishwa semis à la volée. Redio ililichukua miaka ya 1920, televisheni ikafuata. Kifaransa kinasema diffuser, asili yake ni kumwaga kama maji. Mie naona «kurusha» yetu iko karibu zaidi na ule mkono wa mkulima.

Lakini tumechukua mkono, udongo tumeuacha. Lengalenga unaweza kumwaga vile, mbegu yake ni ndogo na ni mingi. Maharagi hapana! Yanataka shimo, mstari, kina. Sasa angalia emisyo ya kilimo: Kifaransa tupu, saa ine ya asubui, mama mwenyewe iko shambani, na kwake umeme hakuna. Jioni, kwa lugha yake, ku redio ndogo ya betri, angesikia. Kituo kitaandika mu raporo kwamba emisyo imerushwa. Na ni kweli, imerushwa.