Okonkwo Akisomwa Uhehe

Msomaji wa Nyololo, hapa Mufindi, hawezi kumaliza riwaya ya Shujaa Okonkwo bila Mtwa Mkwawa, mtawala wa Wahehe, kumjia kichwani. Wote wawili walikataa wageni, wote wawili wakajiua kuliko kukamatwa. Mkwawa alijipiga risasi Mlambalasi tarehe 19 Julai 1898. Fuvu lake lilirudishwa Kalenga mwaka 1954, na hadi leo linaheshimiwa. Okonkwo je? Watu wake mwenyewe hawaruhusiwi hata kumgusa.

Hapo ndipo ninapomvulia kofia Chinua Achebe, aliyeiandika riwaya hii mwaka 1958 (Clement Ndulute akatupa Kiswahili chake mwaka 1973). Unoka, baba yake Okonkwo, mpiga filimbi aliyezama kwenye madeni, anaugua uvimbe ambao ni chukizo kwa ardhi. Anapelekwa Msitu Mbaya akafie huko, na hazikwi. Achebe anayasema haya mapema, kwa maneno machache, halafu anarudi kwenye viazi vikuu kana kwamba yamekwisha. Mtoto anatumia umri wake wote kumkimbia baba huyo. Katika sura ya 25, ya mwisho, ananing'inia mtini: naye maiti yake ni chukizo, naye hana wa kumzika ila wageni. Mwandishi hatuambii popote kwamba wamefanana.

La Ezeudu ndilo lililonikalisha zaidi. Mzee huyu anamwonya Okonkwo asishiriki kumuua Ikemefuna, kijana anayelelewa nyumbani kwake na anayemwita baba. Okonkwo anashiriki, kwa kuogopa kuonekana dhaifu, na hakuna mahakama inayomwita. Baadaye, kwenye mazishi ya Ezeudu huyo huyo, bunduki yake inapasuka na kumuua mtoto wa marehemu. Kwa bahati mbaya tu, na kwa hilo anafukuzwa miaka 7! Damu aliyoimwaga kwa kukusudia haikuulizwa. Ile asiyoikusudia ndiyo iliyomlipisha. Sheria imefuatwa neno kwa neno, na bado moyo unakataa.

Wapo wanaolalamika kwamba mwanzo wa riwaya ni mila tupu: mahari, mieleka, kilimo. Nawasihi wavumilie. Usipokaa Umuofia, kwao Okonkwo, sura zile 13 za kwanza, mwiko wa maziko mwishoni utakuwa habari tu, hautakukaba koo.

Kisha linakuja pigo la mwisho. Mkuu wa wilaya Mwingereza anapanga kumpa Okonkwo aya moja katika kitabu chake. Sisi wa huku tunalielewa hilo upesi, kwa kuwa Tom von Prince, Mjerumani aliyemwandama Mkwawa, naye aliandika kitabu chake juu ya vita vyake na Waarabu na Wahehe, kikachapwa Berlin mwaka 1914.

Kwa hiyo ukimaliza Shujaa Okonkwo, tafuta Mukwava wa Uhehe, tamthiliya ya M. M. Mulokozi ya mwaka 1979, uvisome vyote viwili kwa kufuatana.